Mlio wa Ndege Nyuki: Historia Fupi ya Rafadha katika Anga la Singida

Kiswahili cha maofisini na cha magazetini kimeipa ndege isiyo na rubani jina linaloeleweka papo hapo: ndege nyuki. Jina hili halitaji kazi ya chombo wala umbo lake. Linataja mlio. Anayelitumia anakiri kwamba chombo hiki husikika kabla hakijaonekana, na kwamba sikio limekwisha kukitambua wakati jicho bado linakitafuta angani.

Kwa Mkoa wa Singida jina hilo si mapambo ya lugha. Huku ni nchi ya mizinga na asali, kuanzia vichaka vya Itigi hadi miombo ya Manyoni, na mtu aliyekulia huku anajua kutofautisha nyuki wanaopita njia na nyuki waliochokozwa. Anajua pia kwamba tofauti hiyo iko ndani ya sauti tu, na kwamba uamuzi wa kutulia au kukimbia hufanywa kwa sikio. Kwa hiyo ninapowauliza wanafunzi wangu waniandikie historia ya ndege nyuki, huwa nawaomba wasianze na kamera wala betri. Waanze na rafadha, ile ambayo mafundi wetu mitaani huiita pangaboi, na waulize: kelele hii ilitoka wapi, inafanya kazi gani, na ni nani aliyepewa haki ya kuamua iwe kubwa au ndogo?

Swali hilo ndilo la makala haya. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kelele ya rafadha si takataka ya kiufundi inayosubiri wahandisi waifute. Ni chombo cha utawala na cha uzalishaji mali, na kama chombo kingine chochote, ina wanaoishika na wanaopigwa nayo.

Kabla ya injini

Kelele ya kulinda shamba ni ya zamani kuliko injini. Kiswahili kina kitenzi mahsusi kwa kazi ya kulinda nafaka isiliwe na ndege: kuamia. Mwamiaji hukaa juu ya dungu katikati ya mtama au uwele, akiwa na kombeo, debe, kamba zilizofungwa vigogo au makopo, na koo lake mwenyewe. Kazi huanza kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu ndege nao huanza hapo, na huendelea hadi jioni katika wiki zile ambazo punje ni laini na tamu. Mtama na uwele ni mazao yanayostahimili ukame wa nyanda hizi za kati, lakini punje zake ziko wazi, hazina maganda ya kuzificha kama mahindi. Ndiyo kusema kwamba zao linalotuokoa na ukame ndilo linalotudai kelele nyingi zaidi.

Kelele hiyo ina gharama, na gharama yake mara nyingi imelipwa na watoto. Mtoto aliye juu ya dungu hayuko darasani. Kwelea kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kiasi ambacho hakimtishi mtu yeyote. Lakini kundi la ndege 1,000,000 hula tani 10 kwa siku, na makundi ya ukubwa huo si hadithi. Mbele ya kundi kama hilo debe na kombeo ni silaha dhaifu, na uchovu wa mwamiaji ni mkubwa kuliko uchovu wa ndege. Ukitaka kujua kwa nini mkulima wa Mkalama au Iramba anaweza kuisikiliza ndege nyuki kwa matumaini, anzia hapo juu ya dungu.

Sauti za kwanza kutoka juu

Rafadha ilifika Afrika Mashariki ikiwa katika sare ya vita. Mwaka 1915 ndege za jeshi la majini la Uingereza ziliitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, na mwezi Julai mwaka huo zikaelekeza mizinga iliyoiangamiza. Mwaka uliofuata vita vikapanda bara. Jeshi la Van Deventer liliingia Kondoa Irangi mwezi Aprili 1916, na kabla ya mwaka kwisha nchi yote ya Wanyaturu na Wanyiramba ilikuwa imebadili bwana, kutoka Mjerumani kwenda Mwingereza.

Miongoni mwa ndege za kampeni hiyo ilikuwamo B.E.2c, ndege ya upelelezi ya watu wawili. Aina yake iliyotumia injini ya R.A.F. ilikuwa na rafadha kubwa ya mbao yenye mapanga manne, iliyozungushwa kwa nusu ya kasi ya injini, yaani takriban mara 900 kwa dakika. Tufanye hesabu ndogo ambayo tutaihitaji tena. Mizunguko 900 kwa dakika ni mizunguko 15 kwa sekunde. Mapanga manne yakipita mara 15, hewa inapigwa mara 60 kila sekunde. Mapigo 60 kwa sekunde ni mngurumo mzito, wa kifuani zaidi kuliko wa sikioni. Juu yake kulikuwa na mlipuko wa injini isiyozibwa vizuri. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya mashine angani kwa jamii nyingi za nyanda za kati, na ilikuja na ujumbe mmoja: yupo anayekuona nawe huwezi kumfikia.

Baada ya vita ujumbe huo haukufutika, ulibadilishwa nguo. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilivalia njuga vita dhidi ya mbung'o, mdudu aenezaye malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Kiongozi wa utafiti huo alikuwa C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa na makao yake Shinyanga. Mbinu zake zilihusu ardhi: kufyeka vichaka, kuchoma moto kwa mpango, kukusanya watu waishi pamoja ili mbung'o wakose maficho. Tarehe 8 Juni 1938 Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege karibu na Singida, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt. Mtu aliyetumia maisha yake kupanga upya vichaka vya watu alianguka kutoka angani ndani ya vichaka hivyohivyo. Silitaji tukio hili kwa kejeli. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kufikia mwaka 1938 ndege ilikuwa imekwisha kuwa kifaa cha kawaida cha mtaalamu wa serikali, na kwamba Singida ilikuwa njiani mwake.

Kisha wakaja nzige. Nyika ya Wembere, inayogusa upande wa magharibi wa mkoa wetu, ni mojawapo ya maeneo machache ya Afrika yanayotambuliwa kuwa chimbuko la nzige wekundu. Baada ya janga kubwa la nzige hao lililoanza 1930 na kudumu hadi katikati ya miaka ya 1940, huduma ya kimataifa ya kupambana nao iliundwa mwaka 1949, na ndege za kunyunyizia sumu zikawa sehemu ya maisha ya nyika kama hizo. Baadaye ndege hizo zikaelekezwa pia kwa kwelea kwelea, kwa sumu iitwayo fenthioni, inayonyunyizwa jioni juu ya miti wanakolala.

Nakuomba, msomaji, uziweke sauti hizi katika mstari mmoja: upelelezi wa 1916, utafiti wa mbung'o, sumu ya nzige, sumu ya kwelea. Zote zilikuwa mngurumo mzito, zote zilitoka mbali, na zote zilitangaza uamuzi uliokwisha kufanywa mahali pengine. Mwanakijiji hakuulizwa. Alisikia tu. Lakini walau alisikia, na neno hilo "walau" tutalirudia.

Malkia wa nyuki na hesabu za Gutin

Tukio la kuipa ndege isiyo na rubani jina la nyuki lilitokea nje ya bara letu katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1935 Uingereza ilianza kurusha ndege iliyoongozwa kwa redio, iliyokusudiwa kuwa shabaha ya mazoezi ya wapiga mizinga. Iliitwa Queen Bee, malkia wa nyuki. Neno ambalo Waingereza hulitumia leo kwa chombo hiki ni neno lao la dume la nyuki, na mara nyingi asili yake huhusishwa na malkia huyo. Kiswahili kilipofika mahali pa kuita kitu hicho kwa jina lake, kilirudi kwa mdudu yuleyule.

Mwaka 1936, mwanasayansi wa Kisovyeti, L. Gutin, alichapisha nadharia iliyoeleza kwa hisabati sauti itokayo kwenye rafadha inayozunguka. Kiini chake kinaweza kusemwa bila hisabati. Panga la rafadha linapopita mbele yako linausukuma ukuta mdogo wa hewa; panga linalofuata linausukuma tena. Sikio huhesabu misukumo hiyo na kuisikia kama sauti moja ya kudumu. Kadiri misukumo inavyokuwa mingi kwa sekunde, ndivyo sauti inavyokuwa nyembamba. Juu ya sauti hiyo ya msingi kuna tabaka la pili, mfoko wa hewa inayoraruka kwenye ncha na kwenye kingo za mapanga. Tabaka la kwanza ndilo linaloimba. La pili ndilo linalofoka.

Kutokana na hayo tunapata kanuni tatu ambazo mtu yeyote anayenunua, anayeruhusu au anayelalamikia ndege nyuki anapaswa kuwa nazo mfukoni. Kwanza, kasi ya ncha ya panga ndiyo mama wa kelele: kelele hupanda kwa haraka zaidi kuliko kasi yenyewe. Pili, rafadha kubwa inayozunguka polepole huwa na sauti nzito na laini kuliko rafadha ndogo inayozunguka kwa kasi ili kubeba mzigo uleule. Tatu, kuongeza mapanga au kubadili umbo la ncha hubadili tabia ya sauti hata pale ambapo kipimo cha ukubwa wake hakikubadilika sana.

Kulinganisha

Sasa tulinganishe. Chukua ndege nyuki ndogo ya picha, ile ya harusini na ya kampeni za uchaguzi, yenye rafadha za inchi 5 hivi. Ikiwa kila rafadha ina mapanga mawili na inazunguka mara 12,000 kwa dakika, hewa inapigwa mara 400 kwa sekunde. Huo ni mlio mwembamba, wa mbu aliyekasirika.

Chukua ya wastani, ya aina iliyotumiwa sana na watafiti na askari wa wanyamapori miaka ya 2010, yenye rafadha za inchi 9 na nusu hivi. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mapigo ni 200 kwa sekunde. Nyuki wa asali arukapo hupiga mabawa yake takriban mara 230 kwa sekunde. Jina tulilolitoa kwa sikio limethibitishwa na hesabu.

Chukua ya tatu, ya kunyunyizia dawa mashambani, yenye rafadha zinazozidi urefu wa mita moja. Ikizunguka mara 1,500 hivi kwa dakika, mapigo ni 50 kwa sekunde. Rudi juu uangalie hesabu ya B.E.2c: mapigo 60. Mashine mpya kabisa ya mkulima wa kisasa inakaribia kuimba toni ya ndege ya vita ya 1916. Haina mlipuko wa injini, na rafadha zake nyingi hazizunguki kwa mwendo mmoja, hivyo sauti yake hupepesuka na kusuguana. Lakini mzee aliyerithi simulizi za mngurumo wa sumu ya nzige akisikia ya kunyunyizia akaingia ndani, na akisikia ya harusini akatoka nje kuangalia, hajakosea.

Kuna jambo ambalo makaratasi ya wauzaji hayalisemi. Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi kuliko pwani, na rafadha inayotaka kubeba uzito uleule katika hewa nyepesi lazima izunguke kwa kasi zaidi. Kwa kimo chetu, ongezeko hilo ni takriban asilimia 8, na linazidi hapo wakati wa mchana wa joto. Ongeza upepo wa Singida, ule ambao wawekezaji wa umeme wa upepo wameutolea macho kwa miaka mingi, na chombo kitapigana ili kikae mahali pamoja. Hivyo ndege nyuki iliyopimwa kelele katika kiwanda kilicho karibu na bahari si ndege nyuki ileile inapofika Ikungi. Kipimo cha kiwandani ni ahadi iliyotolewa katika hewa ya watu wengine.

Tukumbuke pia jinsi desibeli inavyodanganya asiyeizoea. Mwaka 2017 kampuni ya DJI ilitangaza rafadha mpya zilizopunguza kelele ya ndege yake moja kwa desibeli 4, na ikaeleza kuwa hiyo ni asilimia 60 ya nguvu ya kelele. Hesabu ni sahihi. Lakini sikio la binadamu huhitaji punguzo la desibeli 10 hivi ndipo liseme kelele imepungua kwa nusu. Asilimia 60 ya karatasini ni nafuu ndogo dirishani. Mwaka huohuo wa 2017 watafiti wa NASA waliwasikilizisha watu sauti za ndege nyuki na za magari ya barabarani, wakakuta kwamba kwa kipimo kilekile cha desibeli watu waliudhika zaidi na ndege nyuki, kwa tofauti inayozidi desibeli 5. Kinachokera si wingi wa sauti peke yake, bali tabia yake: wembamba, mpepesuko, na ile hali ya kutojua itakwenda wapi.

Tembo, nyuki, na kazi ya kelele

Upande wa kusini mwa mkoa, katika Wilaya ya Manyoni, mashamba yanapakana na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Huko suala la kelele linaacha kuwa la starehe. Tembo mmoja anaweza kumaliza chakula cha mwaka cha kaya kwa usiku mmoja, na kumfukuza kwa debe na kijinga cha moto ni kuweka maisha rehani.

Mwaka 2007, Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Samburu na Buffalo Springs, Kenya. Waliwapigia tembo waliopumzika chini ya miti sauti iliyorekodiwa ya nyuki waliochokozwa. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Hakukuwa na nyuki hata mmoja. Ilikuwa sauti tupu. Kutokana na elimu hiyo uzio wa mizinga ya nyuki umeenea katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo.

Miaka michache baadaye, askari wa wanyamapori katika mifumo ikolojia ya Tarangire na Manyara na ile ya Serengeti walijaribu kuwafukuza tembo mashambani kwa ndege nyuki za wastani, zile za mapigo yanayokaribia 200. Matokeo ya majaribio 51 yalichapishwa katika jarida la Oryx mwaka 2017, yakionyesha kwamba tembo waliondolewa kwa usalama na askari walibaki mbali na hatari. Watafiti walidhani, kwa haki, kwamba mlio unaofanana na wa nyuki ulikuwa na mchango wake.

Hapa ndipo kulinganisha rafadha kunapopata maana ya kisiasa. Tembo husikia vizuri sauti nzito, hata zile zilizo chini ya uwezo wa sikio letu, lakini hasikii sauti nyembamba sana ambazo sisi bado tunazisikia. Rafadha iliyobuniwa ili imfurahishe mkazi wa mtaa wa kitajiri ng'ambo imebuniwa kwa sikio jingine, kwa adui mwingine. Mwaka 2022 maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, Marekani, ilisifiwa kwa rafadha ya umbo la pete inayopunguza ukali wa mlio. Ni kazi nzuri. Lakini mkulima wa Manyoni hana haja ya mlio uliopunguzwa ukali saa nane ya usiku tembo wakiwa ndani ya mahindi. Anahitaji mlio wa nyuki, tena waliochokozwa. Wakati huohuo mtafiti anayehesabu wanyama ndani ya pori anahitaji kinyume chake, mlio ambao mnyama hatausikia, asije akahesabu migongo ya wanaokimbia. Na mfugaji wa nyuki wa Itigi ana haki ya kuuliza chombo kinachopita juu ya mizinga yake kinasema nini kwa wenye mizinga.

Kwa hiyo hakuna rafadha bora. Kuna rafadha bora kwa kazi fulani, na suala ni nani anayeitaja kazi hiyo.

Hatari ya ukimya

Narudi kwenye lile "walau". Mwanakijiji wa zama za ukoloni hakuulizwa, lakini alisikia. Mngurumo ulimpa dakika chache za kuwaita watoto, kufunika maji, kuhamisha mizinga, au kujificha. Kelele ilikuwa taarifa ya mwisho iliyobaki mikononi mwa mtu asiyepewa taarifa nyingine.

Ushindani wa wahandisi unaelekea kuiondoa taarifa hiyo. Kila mwaka rafadha zinakuwa kimya zaidi, nasi tumefundishwa kuuita ukimya maendeleo. Nakubali kwamba mgonjwa, mtoto mchanga na mwanafunzi anayejisomea wana haki ya utulivu. Lakini ndege nyuki yenye kamera isiyosikika juu ya mkutano wa wafugaji wanaodai malisho, au juu ya machimbo ya wachimbaji wadogo, si utulivu. Ni upelelezi wa 1916 ukiwa umevua viatu. Anayesherehekea ukimya wa mashine aulize kwanza iko upande gani.

Sheria zetu bado hazijaishika hoja hii kikamilifu. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti uchafuzi wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hufikiri kwa desibeli: kelele imezidi kiwango au haijazidi. Urushaji wa ndege nyuki unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo kwa asili ya kazi yake hutazama kwanza usalama wa anga. Katikati ya hizo mbili kuna pengo: tabia ya sauti, na taarifa kwa anayeisikia. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2019, umewalazimisha watengenezaji kubandika juu ya chombo kipimo cha nguvu ya kelele yake, na umeweka ukomo unaopungua kwa awamu. Chombo kilekile kikiuzwa kwetu, lebo hiyo haina mtu wa kuidai.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, wale wanaoandika zabuni za kununua ndege za kunyunyizia au za kufukuza tembo, nina mapendekezo manne ya kawaida kabisa. Zabuni itaje kazi kwanza, kisha idai rafadha inayofaa kazi hiyo. Muuzaji alete kipimo cha kelele kilichochukuliwa katika kimo na joto la mahali chombo kitakapofanya kazi, siyo cha kiwandani kwake. Urushaji wowote wa umma juu ya kijiji utanguliwe na taarifa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria ya serikali za mitaa ya 1982 tayari imeupa nafasi yake, na taarifa hiyo iseme siku, saa, dawa au kamera iliyobebwa. Na kila mruko uandikwe katika daftari ambalo ofisi ya kijiji inaweza kulifungua. Hakuna pendekezo hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa nje.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nasema hivi: msikimbilie kuipinga ndege nyuki kwa sababu tu ilianza jeshini. Dungu nalo lina historia yake ya uonevu, na mtoto aliyeshinda juu yake akitupa mawe badala ya kusoma hana sababu ya kulililia. Ikiwa rafadha inaweza kumshusha mtoto yule na kumpeleka shuleni, na kumzuia askari wa wanyamapori asife mbele ya tembo, basi ni rafadha yetu. Itakuwa yetu pale tu ambapo sisi tunaoisikia tutakuwa na sauti katika kuamua ilie vipi, wapi, na kwa ajili ya nani.

Mfugaji wa nyuki hasubiri kuumwa ndipo aulize nyuki hao ni wa mzinga wa nani. Nasi tuulize mapema, wakati mlio bado uko mbali.